Sinia la Wanawake

Albamu ya nyumbani kwetu Chake Chake imejaa sikukuu za miaka mingi. Baba na ami zangu wamesimama barazani na kanzu zao, wametoka kusali Idi. Watoto wamepangwa kwa kimo, nguo mpya, kabla hawajakwenda viwanja vya sikukuu vya Tibirinzi kuumaliza mkono wa Idi, zile pesa wanazopewa na wakubwa. Ifunue yote, humwoni bibi akila wala mama mkubwa akipakua, na hao ndio walioamka kabla ya adhana ya alfajiri. Lilikuwa likinikera hilo tangu ni msichana.

Sababu yake naijua. Mpiga picha wetu alikuwa mwanamme, na mwanamme mgeni haingii uani wakati wanawake wamejifunga kanga wako jikoni. Nilipokuwa nasoma Unguja nilipenda kupita Capital Art Studio, studio iliyoanzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, kutazama picha za zamani. Nilikuwa natafuta chumba cha ndani, watu wamekaa kwenye mkeka wanakula. Siku nilizopita mimi sikuiona. Basi nilipopata kamera yangu ya kwanza, Canon iliyokwishatumika yenye lenzi ya milimita 50, nilikuwa nimeshajua nitaanzia wapi: sikukuu ya Mfungo Mosi, Idi ya kumaliza Ramadhani, kwenye sinia la wanawake.

Ruhusa niliiomba kwa bibi, usiku ule ule mwezi ulipoandama. Alikuwa akichambua bizari kwenye ungo.

"Utazipeleka wapi?" akaniuliza.

"Hazendi pahala, bibi. Za kwetu wenyewe."

Akakaa kimya akichambua. "Asiyetaka uso wake, usimpige uso. Na huko mitandaoni isende hata moja."

Nikamwambia naam. Nikampa neno langu, na mpaka leo naona sharti lile ndilo la haki. Siku hizi kamera iko kwenye simu, watu wanawapiga mama zao wakiwa jikoni, kichwa wazi, na kabla chakula hakijaiva mtaa mzima umeshaona.

Asubuhi nilikuta pilau limeshapaliwa makaa juu ya kifuniko. Uani kwetu kuna mwanya kati ya ukuta na mabati ya jikoni, na jua la asubuhi hupenya pale. Mvuke hauonekani mwanga ukiwa umetoka mgongoni kwako, na flashi ndiyo inaumaliza kabisa. Unataka mwanga utoke ng'ambo ya sufuria, na nyuma yake pawe na giza. Nikazunguka hadi jua likawa upande wa pili, ukuta mweusi wa masizi ukawa nyuma. Mama mkubwa akayaondoa makaa kwa koleo, akafunua. Mvuke ukapanda mweupe, harufu ya karafuu na hiliki ikanijaa puani, nami nikabonyeza. Uso wake haumo, kama alivyotaka. Imo mikono yake tu na mwiko.

Chumba cha kulia kina dirisha moja. Taa nikaizima, maana umanjano wake ukichanganyika na mwanga wa dirishani, kila ngozi inakuwa na rangi mbili. Lenzi ile inafunguka mpaka 1.8, na namba ikiwa ndogo tundu la mwanga huwa kubwa; chumbani mle mtu hushawishika kuifungua yote. Lakini ukiifungua hivyo unapata mkono mmoja tu, mingine yote inafifia, na sinia si la mtu mmoja. Nikaifunga hadi 4, nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuunasa mwanga, hadi 1600. Picha ikaingia chembechembe. Sikujali, na sijali.

Nikasimama juu ya kiti. Chini yangu pilau katikati, kuku juu yake, kachumbari na achari ya embe pembeni, ndizi mbivu, na mikono ikiingia kila upande, hina imekolea hadi kwenye kucha. Kutoka juu ndipo nilipoona jambo ambalo nimelila miaka yote bila kuliona. Bibi alikuwa akichambua mnofu wa kuku kwa vidole vitatu, anausukuma taratibu upande wa wajukuu, kisha anarudi kuchambua tena. Upande wake mwenyewe ulibaki wali mtupu. Hakuna aliyemwambia kitu, kwa sababu wote walikuwa wakila. Hiyo ndiyo picha yangu ya sikukuu ile, na nikiombwa kuchagua moja katika zote nilizopiga tangu siku hizo, nitachagua hiyo.

"Wee mwana, teremka ule, pilau linapoa," mama mkubwa akasema. Nikaiweka kamera kabatini, nikanawa. Mpiga picha wa nyumbani asiyekula na watu wake anakuwa mgeni, na mimi sikutaka ugeni siku ile. Nikamsukumia bibi mnofu. Akanirudishia.

Baada ya sikukuu nilizisafisha picha, kila aliyekaa kwenye sinia akapata yake. Mama mdogo aliipokea ya mkono wake, akaitazama sana, akaniomba niifute kwenye kamera. Nikaifuta mbele yake. Bibi yeye aliipeleka yake dirishani, akaisogeza karibu na macho, akauliza mbona kachumbari haionekani vizuri, na ameikata yeye. Idi iliyofuata, ya Mfungo Tatu, nilianza na kachumbari.