Nilivyoacha kuvunja visu vya kukatia kwenye mashine ya kukerezea

Mie nakereza shafti za maboti na bushi, yaani vile vibomba shafti inamozungukia, hapa Wete, wateja wangu wengi wavuvi, na katika kazi zote za mashine iliyokuwa ikinitoa jasho ni ile ya mwisho, ushakereza ushapima kila kitu sawa halafu unaingiza kile kisu chembamba ukitenge kipande. Hapo ndo kelele zinaanza, mashine inatetemeka mpaka spana mezani zinacheza, kisha paa! Mara ya tatu kipande cha kisu kilinipita sikioni kikagonga bati, na miwani nimeiweka kwenye paji la uso.

Siku hiyo palikuwa na mzee fundi amekuja kufata pini yake. Akaangalia, akanambia, "Mwanangu, kisu umekitoa nje kama ulimi wa mbwa."

Kweli bwana, chuma cha milimita 40 kisu nimekitoa 45, na kinachotakiwa ni nusu ya unene na kidogo juu, 22 au 23 inatosha. Na chuma chenyewe kimetoka nje ya chaki, ile sehemu ya mashine inayokamata chuma na kukizungusha, shubiri nzima, tena nimekikaza kwa nyuma na senta, ile ncha inayokishika chuma upande wa pili, mzee akasema toa hiyo haraka, kipande kikikaribia kukatika kitakosa pa kwendea kitakibana kisu.

Siku hizi nakata karibu na chaki kadiri inavyowezekana. Ncha ya kisu naipima kwa rula ya chuma, naibana kidogo baina ya ncha na chuma, mashine imezimwa lakini, rula ikisimama wima basi ncha iko sawa na katikati ya chuma, juu yake ikilalia kwangu kisu kiko chini. Spidi nateremsha, kama nilikereza kwa mizunguko 250 kwa dakika basi kukata naenda 120 hivi. Oili natia kwa brashi, ikiisha natia mafuta ya nazi, moshi wake unanukia kama jikoni lakini yanafanya kazi.

Ila woga ndo ulonichelewesha. Nilikuwa nasukuma kidogo naacha, nasukuma naacha, kumbe kisu kinasugua tu hakikati, ndo kelele zinapotoka. Sasa nasukuma polepole bila kusita na macho nimeyakaza kwenye chenga, yale mabaki ya chuma yanayotoka kwenye kisu, zikitoka kama utepe uliojikunja twende, zikiwa vumbi kuna kitu hakiko sawa. Mfereji ukiwa wa kina natoka naupanua pembeni kidogo, chenga zisijazane.

Kipande chenyewe sikidaki kwa mkono, kinaanguka kwenye trei ya vumbi la mbao, na glavu sivai kabisa mashine ikizunguka. Umeme ukikatika kisu kiko ndani, nazima swichi kwanza, nakirudisha kisu nyuma, ndo nasubiri.

Na chuma kikipita milimita 60 kwa mashine yangu hii kachara, nakata mfereji nusu, nazima, namalizia kwa msumeno wa mkono.