Walioniambia Nipumzike Nusura Wanimalize

Ukistaafu, kila unayekutana naye ana ushauri uleule: "Mzee, sasa pumzika." Wanangu waliushika kweli kweli. Walininunulia kiti cha kuegemea, wakanikataza kubeba hata ndoo, na nikidondosha kitu wanawahi kukiokota kabla sijainama. Haikuchukua muda nikawa siinuki kitini bila kujisukuma kwa mikono yote miwili na kutoa "yarabi!" Mchana nasinzia, usiku nakodolea dari macho. Watu wakasema ni uzee. Uzee gani? Ni hayo mapumziko yao! Misuli isiyofanya kazi hunyauka, na umri ukienda hunyauka upesi zaidi.

Ushauri wa pili niliupata kwenye semina ya wastaafu: jipangie ratiba. Nikaichora kwa rula na kalamu za rangi, mazoezi saa 12:30, kusoma saa 3:00, bustani saa 5:00. Ilipendeza mno. Tatizo, ratiba ya mstaafu haina bosi. Asubuhi yenye baridi naitazama kutoka kitandani, na hakuna wa kuniuliza mbona umechelewa. Badala yake nikaanza kumsimamia mke wangu: mbona taa hii inawaka, mbona mlango ule uko wazi. Akaniambia, "Baba watoto, hapa si ofisini, na mimi si karani wako." Nikanywea.

Nilipotafakari nikaona kuwa miaka yote ya kazi sikuamshwa na ratiba. Niliamshwa na watu waliokuwa wakinisubiri.

Jirani yangu naye ni mstaafu, na kwa uvivu ananishinda. Tulishaahidiana kutembea pamoja mara nyingi, na kila ikifika asubuhi mmoja wetu ana mafua. Ndipo nikabuni jambo ambalo mpaka leo najipongeza nalo. Tukimaliza matembezi, tunabadilishana kiatu. Raba yangu ya kushoto inalala kwake, yake ya kushoto inalala kwangu. Kutoka peke yako huwezi, na kujificha huwezi, maana ukichelewa mwenzako anakufuata na ndala, kiatu chako mkononi, anagonga mlango na kukusema mbele ya wajukuu. Alijaribu kunizunguka kwa kununua jozi nyingine kimyakimya. Nikaidai na ya kushoto ya jozi hiyo. Kisha mke wake akakuta kiatu kigeni cha kiume, tena kimoja, nyuma ya mlango wa chumbani. Maswali yaliyofuata siwezi kuyaandika hapa. Ila mafua ya jirani yamepona kabisa.

Gharama ni raba tu. Nunua zenye soli isiyoteleza, hapo usibane pesa.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kwa sisi wa miaka 65 na kuendelea, mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi na ya kujiweka sawa usianguke siku 3 au zaidi. Mwendo wa wastani ni ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Jirani yangu ana mapenzi na nyimbo, kwa hiyo akianza tu ubeti najua tumezembea, naongeza hatua.

Mswaki napiga nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja. Wewe anza huku umeshika sinki, usiige ubabe wangu. Na asubuhi usichomoke kitandani kama kijana. Keti kwanza, hasa kama unameza dawa za presha, kizunguzungu hakina adabu. Maji nayo kunywa hata kama husikii kiu, maana kiu ya mzee huchelewa kubisha hodi.

Alasiri nafundisha hesabu watoto wa majirani. Bure, lakini nikichelewa dakika tano wanakuja dirishani kuniita kwa kelele ambazo hakuna bosi aliyewahi kunipigia.

Mvua ikinyesha hatutoki. Kila mtu anabaki na kiatu cha mwenzake, na simu inaita: "Mzee, kaa kitini, inuka bila kujisukuma kwa mikono, mara kumi, na usikate simu, nataka nikusikie unavyohema."