Daftari la mdakaji: msimu wa binti yangu hadi katikati ya Aprili

Msimu wa softiboli ya vyuo, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia besi hadi besi, ndugu ya besiboli, ulianza Februari, nami daftari nikalifungua pamoja nao. Binti yangu ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa na wavu usoni. Chuo chake hapa Ohio kiko Divisheni ya Tatu ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani, ambako hakuna ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Mabinti hawa wanacheza kwa mapenzi tu, na kesho yake wana maabara.

Uandishi wa skori niliuzoea upesi. Kila nafasi ina namba yake: mrushaji 1, mdakaji 2, mlinzi wa besi ya kwanza 3. Anayelinda kati ya besi ya pili na ya tatu ni 6, kwa hiyo akiuokota mpira akaurusha besi ya kwanza, unaandika 6-3. Mpigaji akikosa mara tatu ni K. Akiduwaa mpira wa mwisho ukampita, K inageuzwa.

Kilichonikera ni hiyo namba 2. Mpira ukimponyoka anaandikiwa. Ule alioujia kwa kifua ukatulia, taarifa rasmi haiutaji kabisa. Machi nikaongeza safu yangu mwenyewe. Mrusho ukidunda kwenye udongo huku kuna mkimbiaji kwenye besi, naye akauzuia, naweka nukta.

Mrushaji yuko mita 13 tu, muda wa kufikiri haupo. Magoti chini, glavu katikati ya mapaja, kidevu kifuani, mabega yakikunjwa kwa mbele ili mpira ufie hapohapo. Mimi nimekulia Tanga nikicheza rede, najua kuukwepa mpira. Mwanangu amejifunza kuuwekea mwili.

Jumamosi iliyopita ilikuwa inningi ya 7, yaani awamu ya mwisho ya kupokezana kupiga. Wanaongoza kwa pointi moja, mkimbiaji wa wapinzani yuko besi ya tatu, mpira ukimpita mdakaji atakimbia kusawazisha. Mrusho ukachimba udongo, ukampiga kwenye mfupa wa bega, ukaanguka hatua moja mbele yake. Akauokota, akamkazia macho mkimbiaji, yule akarudi kwenye besi. Mpigaji akainua mpira juu, ukadakwa, mechi ikaisha. Nukta hiyo nimeizungushia duara.

"Mama, ile uliiona?" Nikamfungulia ukurasa. Akazipitia nukta kwa kidole, akasema nyingi ni za mrushaji mmoja, yule wa mipira ya kushuka, na kwamba nikiwatenganisha itamsaidia kujua ajipange vipi. Sasa kila mrushaji ana rangi yake ya kalamu.

Kinachofuata ni wezi wa besi, wakimbiaji wanaochomoka kwenda besi inayofuata mpira ukirushwa, bila kungoja upigwe. Kwenye softiboli mkimbiaji haruhusiwi kuachia besi kabla mpira haujatoka mkononi mwa mrushaji, na kutoka kwa mdakaji hadi besi ya pili ni karibu mita 26. Jumatano wana mechi mbili mfululizo nyumbani. Nitakaa upande wa besi ya kwanza na saa ya simu, nipime tangu mpira uingie kwenye glavu yake mpaka ufike kule.