Mfenesi wa Mwera na gambusi langu la kwanza

6 Aprili

Mfenesi wa jirani zetu hapa Mwera umeangushwa leo asubuhi. Mizizi yake ilikuwa imeanza kuunyanyua msingi wa ukuta, na wenyewe wanataka kuongeza vyumba viwili. Niliposikia chenso nikaiacha chai mezani. Nilipofika, matawi yote yalikuwa chini na shina limeshaanza kukatwa vipande vya kuni, kila kimoja urefu wa mkono. Nikamwomba yule kijana asimame kwanza.

"Shikamoo bibi," nikamwamkia mwenye mti, nikamweleza kuwa nalitaka gogo la chini, hata kwa kununua. Akaniuliza la nini. Nikamwambia nataka kuchonga gambusi, kile kinanda cha zamani cha nyuzi. Akanyamaza kidogo. "Marehemu baba alikuwa nalo, likitundikwa ukumbini. Chukua, mwanangu. Likishaanza kulia, niletee nilisikie."

Nimepata kipande cha sentimita 120, kipenyo sentimita 46. Kimetushinda watu watatu, ikabidi tukodi gari la ng'ombe mpaka nyumbani.

Usiku huohuo nimezipaka ncha zote mbili rangi ya mafuta, mara mbili. Hili nalisema mapema kwa sababu ndilo linaloamua gogo lipone au lisipone. Maji ndani ya mti hupita kwa kufuata nyuzinyuzi zake, kwa hiyo nchani hutoka haraka mno kuliko ubavuni. Ncha husinyaa wakati katikati bado kumejaa maji, na hapo mti hupasuka. Gogo bichi ukiliacha juani siku chache tu, nyufa zinakuwa zimeshaingia. Miti mingapi inaangushwa huku mashamba, miembe, mishelisheli, mifenesi, na yote inaishia kwenye tanuri za mikate! Mbao ya ala ya muziki inapatikana siku ileile mti unapoanguka. Ukija wiki ijayo, umekuja kuchukua kuni.

8 Aprili

Nimelipasua gogo kwa kabari nne za chuma na nyundo kubwa. Mwaka jana nilikuwa na gogo la mwembe, nikataka kuchonga ngoma na kiini kikiwa ndani. Baada ya wiki tatu likafunguka kutoka moyoni hadi gandani, ufa unaopitisha kidole. Sababu nimekuja kuielewa baadaye: mti unapokauka husinyaa zaidi kwa kufuata mzingo wake kuliko kwa kuelekea kiini, kwa miti mingi karibu mara mbili. Gogo la duara lenye kiini haliwezi kuridhisha pande zote mbili, litapasuka tu. Ukiligawa katikati, kila nusu inapata nafasi ya kujikunyata.

Ndani mfenesi huu ni manjano kama bizari mbichi. Rangi hiyo haikai, miaka ikipita hugeuka kahawia kama asali iliyokolea. Mbao zake huko Asia ya Kusini Mashariki zilichemshwa kupata rangi ya mavazi ya watawa wa Kibudha, na ukiona maji ya mvua yaliyotuama kwenye vibanzi vyangu huna haja ya kuuliza kwa nini.

Utomvu ni mtihani. Umenata kwenye msumeno mpaka ukagoma katikati ya mti. Mke wangu aliponiona nahangaika na mafuta ya taa akacheka, akaleta chupa ya mafuta ya nazi. Kisu cha kukatia fenesi hupakwa mafuta kabla, na msumeno vilevile. Toka hapo kazi imekwenda.

Kwa nini mfenesi? Kwanza kwa sababu ndio ulioanguka. Lakini pia nilikuwa nimeshajua kuwa Wamalay, ambao gambusi liliwafikia kwa njia ileile lililotufikia sisi, yaani kwa jahazi na kwa watu wa Yemen, hulichonga kwa mti huuhuu. Kule huitwa gambus. Ngazija na visiwa vingine vya Komoro ni gabusi. Yemen kwenyewe ni qanbus, na ndilo linaloambatana na nyimbo za Sana'a ambazo UNESCO ilizitangaza mwaka 2003 kuwa urithi wa wanadamu: mwimbaji mmoja, kinanda chake, na pengine sahani ya shaba inayosimamishwa juu ya vidole gumba na kugongwa kwa vidole vilivyobaki. Hapa kwetu udi, kinanda cha taarabu, umelifunika. Ukisema gambusi mbele ya vijana wengi wanaopiga taarabu, watakuuliza ni kitu gani.

27 Aprili

Mzee mmoja fundi wa milango, mjini, ana gambusi la zamani lisilo na nyuzi. Amenikubalia nilichore kwenye karatasi ya manila na kulipima kila mahali. Tofauti kubwa na udi ni kwamba udi hujengwa kwa vipande vyembamba vinavyopindwa kwa moto na kuunganishwa, wakati gambusi tumbo, shingo na kichwa vyote hutoka kwenye mti mmoja bila kiungo. Tumbo linachimbwa kama mtumbwi, kisha sehemu ya chini inawambwa ngozi. Likipasuka popote, limepasuka lote.

Nimefanya kazi ya tezo, kishoka cha kuchongea, kwake siku mbili ili anisahihishe mkono. "Wewe unalipiga tezo kama una ugomvi nalo," aliniambia. "Linyanyue, uliache liangukie uzito wake." Siku ya pili vibanzi vilianza kutoka vipana, vyembamba, vinavyojikunja kama ganda la kitunguu, na mabega yakaacha kuuma.

12 Mei

Umbo la kwanza limekamilika, bado nene makusudi: kuta za sentimita tatu, shingo pana mara mbili ya inavyotakiwa. Linatakiwa kukauka hivihivi, lipinde linavyotaka kupinda, kisha ndipo nilichonge kwa vipimo vya mwisho. Nimelipima kwa mizani ya kuning'iniza ya mchuuzi wa samaki: kilo 7.2. Nimelizika ndani ya gunia pamoja na vibanzi vyake lenyewe ili unyevu utoke taratibu. Kila Ijumaa natoa, napima, naandika, narudisha.

28 Juni

Kilo 5.3. Na ufa. Sentimita nne, pale shingo inapokutana na tumbo, palepale ambapo nyuzi zitavuta. Nimekaa nalo mapajani muda mrefu.

Wengi hujaza ufa kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Unapendeza, lakini hauna nyuzinyuzi, haushiki chochote. Nimeupanua ufa kwa msumeno mwembamba mpaka ukawa mfereji ulionyooka, nikachonga kabari nyembamba ya mfenesi huohuo, nyuzinyuzi zikielekea upande mmoja na za shingo, nikaitia gundi na kuigonga polepole. Nimefunga kwa mpira wa baiskeli usiku kucha.

9 Agosti

Mizani haijashuka kwa wiki tatu mfululizo: kilo 4.6. Limekauka kwa kadiri hewa ya kisiwani inavyoruhusu, na kabari haijatikisika.

Sasa ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Kuta kutoka sentimita tatu hadi milimita nane, na kitako milimita kumi. Nimejitengenezea kipimo cha waya mnene uliopindwa, ncha moja ndani na nyingine nje, maana macho hayawezi kujua. Masikio yanajua zaidi. Nilipoanza, nikiligonga kwa kifundo cha kidole lilikuwa likijibu "ko", sauti ya mlango. Milimita kumi na tano, bado mlango. Karibu na kumi na moja sauti ikaanza kushuka na kubaki hewani kidogo baada ya kidole kuondoka. Siku tatu za mwisho nilikuwa nakwangua kwa kipande cha kioo, nagonga, nakwangua tena. Ubavu wa kushoto ulikuwa unajibu juu kuliko wa kulia. Sikuacha mpaka zilipojibu pamoja.

20 Septemba

Vigingi saba vya mpingo vya kukazia nyuzi, kutoka mabaki ya mchonga vinyago. Mpingo ndio mti wa zumari za Wazungu, klarineti na obo, na hukua kwa miongo mingi kabla ya kufaa. Mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama. Hata kipande cha kidole kimoja siwezi kukitupa. Kila kigingi kimechongwa kikiwa chembamba kuelekea nchani, na kila tundu limepanuliwa kwa tupa ya mviringo mpaka viingiliane. Cha tatu bado kinateleza. Nimekipaka chaki.

18 Oktoba

Ngozi ya mbuzi kutoka kwa mchinjaji, imelala majini siku tatu pamoja na chokaa, manyoya yakatoka kwa kukwanguliwa, kisha nikaisuuza mpaka maji yakawa safi. Ngozi ivute ili maji, na kweli nilikuwa na muda wa kama nusu saa. Mwanangu alishika upande mmoja, mimi mwingine, tukaiwamba kwa misumari midogo ya shaba, ile ya makasha. Nikaikausha kivulini. Juani ingevuta kwa pupa na kupasua ukingo.

Mvua za vuli zimenionyesha tabia yake. Asubuhi yenye unyevu ngozi inalegea na sauti inazama. Wapiga ngoma huzipasha moto ngoma zao. Mimi naliweka tu karibu na jiko la mkaa dakika chache, uso ukiangalia pembeni.

8 Novemba

Nyuzi ni za nailoni, mishipi ya kuvulia: jozi tatu na uzi mmoja mnene wa chini, kama qanbus la Yemen. Limelia leo baada ya sala ya alasiri. Sauti yake ni kavu kuliko ya udi, fupi, ina ukali wa ngozi mwanzoni kisha mti unaipokea. Uzito wake kilo 1.7.

9 Novemba

Nimelipeleka. Bibi alilipokea kwa mikono miwili, akalipakata, akapitisha kiganja mgongoni mwake kutoka kitakoni hadi shingoni. Nilipiga kwa dakika kumi hivi. Hakusema kitu kuhusu nyimbo. Alipolishika tena akasema, "La baba lilikuwa zito zaidi. Na sauti yake ilikaa chini."

Nimelifikiria hilo njiani kote. Gambusi la yule fundi wa milango nalo lina kuta nene, karibu milimita kumi na mbili, na mimi nilidhani ni uvivu wa mchongaji. Nusu ya pili ya gogo bado iko chini ya dari, ncha zimepakwa rangi. Hilo nitaliachia milimita kumi na mbili. Kesho naanza kuchora.