Siku moja ya mkutubi wa shule, saa kwa saa

Mkutubi wa shule mara nyingi yuko peke yake: ndiye karani, mwalimu, fundi wa vitabu na msimamizi wa chumba. Fedha ni chache, hilo halina ubishi, lakini kinachoisha mapema zaidi ni dakika. Dakika inayookolewa mezani humwendea mtoto aliyesimama mbele ya rafu asijue achukue kitabu gani. Siku inayoelezwa hapa ni ya katikati ya wiki, haina mkaguzi wala mgeni.

Saa 1:00 asubuhi

Kazi ya kwanza ni sanduku la vitabu vilivyorudishwa. Kila kitabu hukaguliwa kurasa, hufutwa kwenye rekodi ya aliyekiazima, ndipo kinapokwenda kwenye rafu. Mfuatano huo haubadilishwi hata siku ya haraka. Kitabu kikitangulia kwenye rafu kabla ya kufutwa, rekodi itasema kimepotea ilhali kimesimama mahali pake, na mwanafunzi asiye na kosa atadaiwa. Kwa hiyo mwanafunzi akisema "nilirudisha", tusibishane naye. Twende tukatazame: mahali pa kitabu chenyewe, rafu ya juu na ya chini yake, kisha nyuma ya vitabu, maana kitabu chembamba husukumwa nyuma kikalala huko muhula mzima.

Baada ya hapo ni mzunguko mfupi wa chumba. Pitisha mkono nyuma ya rafu zilizo karibu na ukuta, uone kama kuna unyevu au njia za mchwa. Rafu ya chini kabisa iwe juu ya sakafu kwa sentimita 10 au zaidi, na kabati liachane na ukuta kwa sentimita 5 ili hewa ipite. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa siku kadhaa, ukungu huanza kuota, na huanzia kwenye majalada ya kitambaa. Harufu ya uvundo hutangulia madoa. Pua ikikwambia kitu, isikilize.

Saa 2:00 asubuhi

Nusu saa hii ni ya kusoma rafu, yaani kupitia namba za vitabu moja baada ya nyingine kuona kama vimekaa sawa. Ukisoma rafu sita kila siku, maktaba ndogo nzima inakwisha ndani ya wiki chache. Kosa linalojirudia ni la nukta. Wasaidizi wengi huweka 510.9 kabla ya 510.12 kwa kudhani 12 ni kubwa kuliko 9. Baada ya nukta, tarakimu husomwa moja moja: 1 inatangulia 9, basi 510.12 inakaa kwanza.

Mfumo huo wa kupanga vitabu kwa namba za mada ulitolewa na Melvil Dewey mwaka 1876, na umri wake unaonekana. Lugha nyingi za Afrika zimebanwa chini ya 496, na Kiswahili kimepewa 496.392. Fasihi yake yote iko 896.392: ushairi 896.3921, tamthiliya 896.3922, riwaya 896.3923. Shule yenye riwaya nyingi za Kiswahili hujikuta na rafu tatu zenye namba moja, na mtoto wa darasa la tano haoni tofauti yoyote. Maoni yangu ni kwamba namba ndefu hazimsaidii. Acha 896.3 kwenye lebo, ongeza herufi tatu za kwanza za jina la mwandishi, kisha bandika alama ya rangi: moja kwa riwaya, nyingine kwa tamthiliya, nyingine kwa ushairi. Namba kamili ibaki kwenye orodha ya maktaba.

Saa 3:00 asubuhi

Darasa la wanafunzi 40, kipindi cha dakika 40. Hapa ndipo hesabu ya dakika inapouma. Kuazima kwa daftari, yaani jina, namba ya kitabu, tarehe na sahihi, huchukua kama sekunde 45 kwa mtoto. Zidisha kwa 40: nusu saa imekwisha, na mkutubi hajainua kichwa. Kadi inayokaa kwenye mfuko wa kitabu, ambayo mtoto anaandika jina lake akiwa bado kwenye foleni, hushusha muda hadi sekunde 20 hivi, karibu dakika 13 kwa darasa zima. Msimbopau, yaani lebo ya mistari inayosomwa na kifaa, hushusha hadi dakika tano au sita. Na kuna hila isiyohitaji kifaa chochote: mwalimu wa darasa akusanye vitabu vya kurudisha kwenye kapu saa moja kabla ya kipindi. Foleni moja kati ya mbili imekufa.

Msimbopau una kero zake, na karibu zote hutokana na ubandikaji. Bandika nje, jalada la nyuma, juu, mahali palepale kwenye kila kitabu, mbali na mkunjo. Acha nafasi nyeupe ya milimita 6 kila upande wa mistari; ukiikata na mkasi ili lebo ipendeze, kisomaji kitakataa. Wino wa printa ya maji huchujuka kwa jasho la mikono, kwa hiyo chapisha kwa printa ya leza na ufunike kwa nailoni ya kunata. Kisomaji kikilia lakini namba haitokei, jua kwamba kwa kompyuta kifaa hicho ni kibodi tu: namba huenda pale mshale wa kuandikia ulipo. Bofya kwanza kwenye kisanduku cha namba.

Kuhusu programu za kuendesha maktaba, Koha iliyoanzia kwenye maktaba moja ya New Zealand mwaka 1999 ni ya bure na ni imara. Lakini seva yake inahitaji mtu wa kuitunza. Kama hapo shuleni hakuna anayeweza kuiwasha tena ikizima, jedwali la kawaida kwenye kompyuta lenye safu za namba ya usajili, mada, mwandishi, namba ya rafu, aliyeazima na tarehe ya kurudisha litawafaa zaidi kwa sasa.

Dakika zilizookolewa zinakwenda wapi? Kwa wale watoto watano au sita wanaozunguka na kuchukua chochote ili kipindi kiishe. Usiwaulize wanapenda kusoma nini; wengi hawana jibu. Uliza jana baada ya masomo walikuwa wanafanya nini. Mtoto akisema alikuwa anafungua redio mbovu, umeshajua rafu ya kwenda. Mpe vitabu vitatu, asome ukurasa mmoja wa katikati wa kila kimoja, akiinua kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano kwenye ukurasa mmoja ni dalili kwamba kitabu kinamzidi. Ni dalili tu. Mtoto anayependa mashine atavumilia maneno kumi magumu kwa ajili ya mchoro mmoja wa injini, na kumnyang'anya kitabu hicho eti si cha kiwango chake ni kumkosea.

Saa 5:00 asubuhi

Mapumziko yamepita kwa fujo yake ya kawaida. Sasa ni kipindi na wanafunzi wakubwa, na mwalimu wao wa somo yumo chumbani. Hilo ni sharti. Somo la utafutaji lisiloambatana na kazi halisi ya darasani husahaulika kabla ya chakula cha mchana.

Jambo la kwanza ni namna ya kupima tovuti. Mwaka 2017, Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwalinganisha wanahistoria 10, wahakiki taarifa 10 wa kitaaluma na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wanahistoria na wanafunzi wengi walibaki ndani ya tovuti wakiisoma kwa makini, na mara kwa mara walidanganywa na nembo nzuri na lugha safi. Wahakiki walitoka upesi, wakafungua kurasa nyingine kutafuta wengine wanasema nini kuhusu mwenye tovuti. Kwa darasani hiyo ina maana ya kazi fupi: dakika tatu, tovuti moja, ni marufuku kusoma ndani yake kabla ya kujua ni ya nani na nani anailipia.

La pili ni akili mnemba. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, wakutubi huletewa orodha za vitabu visivyokuwepo: mwandishi ni wa kweli, mchapishaji ni wa kweli, kitabu hakuna. Programu ya namna hiyo huunda maneno yanayoelekea kufuatana, na jina la kitabu linaloelekea kuwepo si lazima liwepo. Kuhakiki hakuchukui muda. Tafuta jina kamili likiwa ndani ya alama za kunukuu. Tafuta kwenye katalogi ya maktaba kubwa ya mtandaoni. Kisha pima ISBN, yaani namba ya utambulisho ya kitabu: chukua tarakimu zote 13, zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, na kuendelea hivyo kwa kupokezana, kisha jumlisha. Jumla isipogawanyika kwa 10, namba ni batili. Namba ya kubuni hupita jaribio hili mara moja tu kati ya kumi, na wanafunzi hulifurahia kwa sababu wanamkamata mwongo kwa hesabu ya shule ya msingi. Vitabu vya kabla ya 2007 vina tarakimu 10 na kanuni nyingine, hivyo visichanganywe.

Saa 8:00 mchana

Meza ya ukarabati. Ugonjwa unaoongoza ni jalada kulegea kwenye bawaba, yaani pale linapokunjika kando ya mgongo, na chanzo chake ni kuvuta kitabu kwa kidole juu ya mgongo. Rafu ikijazwa zaidi ya robo tatu, hakuna namna nyingine ya kukitoa, kwa hiyo tatizo lianze kutibiwa kwenye rafu.

Tiba ya kitabu kilicholegea ni hii. Simamisha kitabu, fungua majalada yote mawili. Chovya sindano ndefu ya kufumia kwenye gundi nyeupe ya mbao, futa ziada, kisha iingize kwenye uwazi kati ya mgongo na kurasa huku ukiizungusha ili gundi ipake ukuta wa bawaba bila kudondoka. Fanya upande wa pili. Weka kipande cha nailoni kati ya jalada na ukurasa wa kwanza, funga, bonyeza mfereji wa bawaba kwa upande wa sindano, kisha laza kitabu chini ya matofali yaliyofungwa kwa karatasi hadi kesho. Gundi ikizidi, karatasi hukunjamana na kurasa za kwanza hushikana. Gundi ya haraka hukauka ikawa kama kioo na kupasuka mara kitabu kikifunguliwa. Selotepu ni adui kabisa: hugeuka njano, ulimbo wake hutambaa kwenye karatasi, na ukijaribu kuibandua inaondoka na maandishi.

Saa 9:00 alasiri

Kuondoa vitabu vilivyopitwa na wakati ndiyo kazi inayoleta ugomvi ofisini, maana wengi hupima maktaba kwa idadi. Mwongozo wa IFLA (shirikisho la kimataifa la maktaba) na UNESCO wa 2002 ulitaja vitabu 10 kwa kila mwanafunzi, na shule huishikilia namba hiyo hata kama nusu ya vitabu haisomeki. Njia ya kumaliza ubishi ni kufungua kitabu chenyewe mezani. Kama kinahesabu Pluto miongoni mwa sayari, ni cha kabla ya 2006. Kama ramani yake haina Sudan Kusini, ni cha kabla ya 2011. Kama jedwali la elementi linaishia kabla ya 118 au majina ya mwisho ni ya muda, ni cha kabla ya 2016. Mtoto anayefeli swali kwa sababu ya kitabu tulichompa ametapeliwa na sisi wenyewe.

Misaada ya vitabu ipimwe kwa kipimo hichohicho. Kabla ya shehena kusafirishwa, omba orodha yenye mwaka wa toleo. Ni heshima kukataa kwa barua nzuri kuliko kulipia usafiri wa makaratasi ya kutupwa.

Pengo linaweza kuzibwa bila kununua kila kitu. StoryWeaver, iliyoanzishwa na Pratham Books ya India mwaka 2015, ina hadithi za watoto zenye leseni huria, za Kiswahili zikiwemo, na inaruhusiwa kuzichapisha na kuzitafsiri. Kwa shule yenye intaneti hafifu, kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inaweza kubeba Kolibri, programu ya masomo isiyohitaji intaneti, pamoja na nakala ya Wikipedia kupitia Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila intaneti, na wanafunzi wakaisoma kwa waifai ya ndani. Mambo mawili huiangusha. Antena ya ndani ya kifaa hicho huelemewa darasa zima likiingia kwa pamoja, basi kiunganishwe na ruta ya kawaida. Pia umeme ukikatika ghafla, kadi ya kumbukumbu huharibika; weka betri ya akiba, na uwe na kadi ya pili iliyonakiliwa tayari.

Saa 10:00 jioni

Orodha ya vitabu vilivyochelewa huchapishwa kwa vipande, kila mwanafunzi chake, kikakunjwa na kupewa mwalimu wa darasa. Majina hayabandikwi ubaoni. Anachosoma mtoto ni siri yake. Kuhusu faini, zimezidi kukimbiza wasomaji kuliko kurudisha vitabu. Maktaba za umma za Chicago zilizifuta Oktoba 2019, na vitabu vilivyokaa nje muda mrefu vikaanza kurudi. Kitabu kilichopotea kabisa kilipwe au kibadilishwe; kilichochelewa kipokelewe kwa asante.

Kinachobaki ni ukurasa mmoja wa takwimu kwa mwalimu mkuu. Idadi ya vitabu vilivyomo iandikwe mwisho. Juu kabisa ziwekwe namba tatu: vitabu vilivyoazimwa kwa kila mwanafunzi mwezi huu, wanafunzi ambao hawajaazima hata kimoja, na vipindi vilivyofundishwa pamoja na walimu wa masomo. Namba ya pili iambatanishwe na mchanganuo wa madarasa, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kipindi kipi cha ziada kiombwe kwenye ratiba ijayo.