Nilivyoshika sahani nyeupe ya Ming mkononi bila kuwa na pesa

Niseme mapema, mimi si tajiri na mambo ya sanaa sikusomea, nasafisha maofisi hapa London na kwetu ni Lamu. Lakini sahani nyeupe za enzi za Yongle, mfalme wa China wa ukoo wa Ming, nimezishika kwa mikono yangu miwili, na naandika manake watu wanadhani lazima uwe bwana mkubwa ndo upewe nafasi hiyo.

Kiu ilinipata British Museum, chumba namba 95, kuingia bure. Humo kuna vyombo kama 1,700 vya Sir Percival David, jamaa aliyezaliwa Bombay 1892 kwenye familia ya kitajiri, pesa ilikuwepo lakini na jicho pia alikuwa nalo, Kichina alikisoma mwenyewe. Mkusanyiko wake aliupa University of London 1950, na kwenye chumba hiki uko tangu 2009. Wageni wote wanakimbilia vile vya buluu, vyeupe vinapitwa tu. Na siwalaumu, manake ukiwa nje ya kioo unachoona ni weupe basi.

Sasa siri yake ni hii. Yongle alitawala mpaka 1424 na kiwanda chake kilikuwa Jingdezhen, jimbo la Jiangxi, na alipenda weupe kwelikweli, 1406 aliletewa mabakuli ya jade, lile jiwe la thamani, akayarudisha, akasema hivi vyombo vya kaure anavyotumia kila siku vinamtosha. Waliochimba pale kwenye kiwanda wamekuta matabaka ya enzi zake yamejaa vigae vyeupe, yaani vipande vya vyombo, kwa sababu chombo kikitoka kwenye tanuri na kasoro kinavunjwa kinafukiwa palepale, hakuna wa kukitumia kama si mfalme. Na mafundi walichora! Walichora kwenye udongo kabla ya kumwagia ile rangi ya kioo ya juu, mistari myembamba mno, halafu kioo kikaja kikafunika kila kitu. Kwa hiyo kuiona michoro lazima mwanga upite ndani ya sahani, na hapo makumbusho haikusaidii, hakuna atakayekufungulia kabati.

Nyumba za mnada ndo zinafungua. Hili wengi hawalijui: kabla ya mnada wanaweka vitu vyote wazi siku kadhaa, yeyote anaingia, huulizwi una shilingi ngapi, na hapa London minada mikubwa ya vitu vya Asia iko Mei na Novemba. Nilipakua katalogi kwenye simu, nikaandika namba za vyeupe ninavyovitaka, nikaenda asubuhi siku ya kazi wakati hakuna watu, nimetoka shifti ya usiku moja kwa moja na jaketi langu la kazi. Nikamwambia mama mmoja wa pale naomba kuona namba fulani. Hakuniangalia juu chini, akachukua ufunguo.

Sheria ni hizi: pete unavua, saa unavua, glavu huvai manake zinateleza, unakaa mezani juu ya kitambaa kinene na sahani hainyanyuliwi juu sana. Unashika mikono miwili, kamwe usikamate ukingo peke yake. Kingine, usimpe mwenzio mkono kwa mkono, weka chini kwanza naye aokote.

Cha kwanza nilichohisi ni ule uso wake, haung'ai kama sahani za dukani, ni laini kama mafuta ya nazi yaliyoganda. Yule mama akawasha tochi ndogo akaiweka kwa nyuma na hapo sahani ikawaka, vidole vyangu naviona upande wa pili kama vivuli, na katikati yakatokea maua na majani yanajisokota mpaka karibu na ukingo. Akazima, yakapotea. Nikamwomba awashe tena, akacheka.

Halafu akanigeuzia kitako, na hapa ndo wakusanyaji wanakaa muda mrefu, manake sahani nyingi za wakati huo hazina alama ya mfalme, na mafundi wa enzi za Qing, ukoo uliotawala baada ya Ming, waliziiga vizuri sana, wa leo Jingdezhen nao wanaendelea kuiga. Kwa hiyo wanapitisha kidole pale kioo kinapoishia na udongo unapoanza, wanaangalia pale kilipojikusanya kwenye kona ya kitako kama kuna ubuluu kidogo. Picha ya simu haikupi hayo.

Kwetu pwani vigae vya China viko tele, Gedi pale kwenye magofu vimejaa, lakini vingi ni vya kijani au vya buluu na nyeupe, vya biashara. Hivi vyeupe vya ikulu ni habari nyingine, ingawa ni Yongle huyohuyo aliyepelekewa twiga kutoka Malindi 1415.

Bei msiniulize, 2021 New York bakuli la enzi hizo la buluu na nyeupe, mtu alilinunua dola 35 tu kwenye vitu vya nyumbani vilivyowekwa nje Connecticut, likauzwa zaidi ya dola 700,000. Mimi siku ya mnada nafuata kwenye simu wakati wa chai. Ukitaka kujaribu, kata kucha, acha begi mlangoni, na uombe kwanza ripoti ya hali ya chombo, wanatoa bure na humo wameandika nyufa walizoziona.