Kirejea, na swali la mama kuhusu mdomo

Jumamosi usiku, Moshi mjini.

Mvua ilianza saa tisa alasiri na haijakata. Mlima Kilimanjaro hatujauona, siku ya nne leo. Nimeshuka na haisi ya mwisho kutoka nyumbani Kibosho, bahasha nimeibana kifuani ndani ya koti, na ndani yake karatasi saba za mnyama ambaye hayupo duniani. Nimezianika mezani moja moja. Kabla sijalala nataka niandike alivyopatikana, maana nikichelewa nitasahau nani alisema nini.

Ilianza mwezi uliopita. Mtoto wa kaka yangu ana miaka tisa na anaishi na bibi yake, yaani mama yangu. Aliniomba mnyama wa kwake peke yake, ambaye hajawahi kuwa wa mtu mwingine. Nina duka la steshenari, kwa hiyo karatasi na penseli za rangi hazinisumbui. Nikachora mpaka usiku wa manane. Nilimpa mabawa, pembe tatu kama za kinyonga dume wa Mlima Meru, magamba, mkia mweupe wa mbega, meno ya simba. Anaruka, anaogelea, anachimba. Jumamosi nikapanda naye.

Mtoto alifurahi sana. Mama alikuwa bandani anakatakata mgomba wa ng'ombe. Akafuta mikono kwenye kanga, akaishika karatasi kwa mbali kama anavyoshika risiti, akauliza, "Huyu anakula nini?"

Nikamwambia anakula chochote.

"Kwa mdomo huu? Meno yote haya ni ya nyama, majani atayatafunaje? Na mwili wote huu, nani anamkatia majani?"

Mama amefuga ng'ombe wa bandani tangu sijazaliwa. Amebeba majani kichwani kutoka tambarare hadi juu kihambani, kwenye shamba letu la migomba na kahawa, miaka na miaka. Kwake mnyama ni tumbo kwanza, mengine yatafuata. Nilishuka mjini nimekasirika kidogo, lakini tulipofika lami hasira ilikuwa imeisha, limebaki swali. Mnyama wangu alikuwa na kila kitu ila hakuwa na chakula wala makazi. Ningemweka baharini au jangwani, asingebadilika hata unyoya.

Nikaanza upya, safari hii kwa kuanza na mlima.

Nilipokuwa mdogo kulikuwa na kitu kinapiga kelele usiku kutoka msituni juu yetu. Kinaanza kwa kukwaruza kama mlango mbovu, kinapanda, kinapanda, mpaka kinakuwa kama mtu anayenyongwa. Niliamini ni zimwi. Nikaja kujua ni perere, mnyama wa ukubwa wa sungura, mwenye manyoya laini, anayekaa kwenye mapango ya miti, na ndugu zake wa karibu katika wanyama walio hai ni tembo na nguva. Nyayo zake zina unyevu na ulaini wa mpira, ndiyo maana anashika gome la mti bila kucha kali. Nafikiri hakuna mtu angeweza kumbuni perere akaaminiwa. Sauti ya zimwi, mwili wa sungura, ukoo wa tembo! Ila kila kipande chake kina kazi yake pale msituni. Sauti ile kubwa ni ya mnyama anayeishi gizani, ambako mwenzake hamwoni lakini anamsikia.

Na kuna lobelia. Nimepanda mlima mara moja tu, nikaishia kituo cha Horombo, mita 3,720. Alfajiri kiongozi wetu alituita kwenye lobelia moja iliyosimama kando ya njia, majani yake yamejifunga kama ngumi. Akatuambia tuguse katikati. Juu palikuwa na barafu nyembamba. Ukiipasua, chini yake maji. Mmea ule unatunza maji kati ya majani yake, usiku yanaganda juu na kukifunika kichipukizi ambacho hakigandi. Hatua chache mbele yake kulikuwa na senesio, yale makubwa kama mtu aliyesimama, yanayoyaacha majani yaliyokufa yakining'inia kwenye shina yawe koti. Nilikaa nikaliangalia koti lile muda mrefu. Nikajiambia, hapo ndani kuna nafasi ya mtu kulala. Miaka imepita, na sasa nimempata wa kumlaza humo.

Nikagawa karatasi kwa kufuata mlima wenyewe: tambarare kwenye mahindi na alizeti, kihambani, msituni, na juu kwenye nyasi na lobelia. Jangwa la mawe lililo juu zaidi nimeliacha wazi. Chui aliwahi kukutwa ameganda huko juu karibu na ukingo wa kreta, mchungaji Richard Reusch alimwona mwaka 1926, na kilichompeleka hakuna aliyekijua. Sitaki kumpeleka mtu mahali ambapo mimi mwenyewe sina sababu ya kumpeleka.

Masikio ndiyo yaliyonifundisha. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6, kwa hiyo kutoka hapa mjini hadi Horombo unapoteza nyuzi 17 hivi. Sikio ni mahali mwili unapotolea joto. Wa tambarare nikampa masikio mapana, membamba, yenye mishipa inayoonekana jua likipita. Wa juu kabisa masikio yake yamezama kwenye manyoya hadi yanakaribia kupotea, na mwili umekuwa mnene, miguu mifupi. Huyu ndiye anayelala ndani ya koti la senesio. Wa msituni ana tumbo lenye vyumba kama la mbega, ambaye naye anasaga majani kwa vyumba kama ng'ombe. Hapo mama alitikisa kichwa kwa kuridhika. Lakini tumbo la namna hiyo ni zito, kwa hiyo wa msituni ni mzembe wa kukimbia, anategemea kunyamaza.

Wa kihambani ndiye aliyetuletea ugomvi. Nilisema anakula ndizi zilizoiva. "Basi ni mwizi," mama akasema, akarudisha karatasi. Ilibidi nimtafutie kazi. Nikampa kidole kimoja kirefu chenye kucha nyembamba iliyopinda, cha kuchokonolea wadudu wa fukusi kwenye vitako vya migomba. Mama akauliza tena kama hawezi kuumiza mizizi. Nikasema anachokonoa polepole. Akakubali, ila akaagiza asiguse kahawa.

Mabawa tuliyajadili Jumamosi nzima. Mtoto aliyataka. Nikamwonyesha popo na kuku: bawa ni mkono uliogeuzwa, hakuna mwenye mabawa ya namna hiyo aliyebakiwa na mikono. Achague. Akanyamaza mpaka chai ikapoa. Mwishowe akachagua mikono, kwa sababu anataka mnyama wake aweze kufungua mfongo, mfereji wetu wa maji, usiku, maji yaende kwa aliyekosa zamu. Sikumwongoza kufika hapo. Mifongo ile ilichimbwa na wazee wetu kuyaleta maji ya msituni mpaka vihambani, na nyumbani kwetu zamu ya maji ni jambo linaloweza kuvunja undugu. Yeye ameyaona hayo yote na ana miaka tisa.

Kufikia hapo nilikuwa na wanyama wanne ukutani, na mtoto akasema neno ambalo lilinikosesha usingizi wiki nzima: "Shangazi, hawa si mmoja. Hawa ni wanne."

Alikuwa na haki. Senesio za Kilimanjaro na za Meru zinatenganishwa na kama kilomita 70 za tambarare yenye joto, na leo ni mimea miwili tofauti yenye majina mawili. Vilele ni visiwa. Ukikaa kisiwani kwako vizazi na vizazi bila kukutana na wenzako, unakuwa mwingine, na hakuna aliyekukosea. Sikutaka wangu wawe hivyo. Nilitaka watofautiane na bado waitane.

Jibu lilikuja nikiwa stendi, nimeenda kuchukua mzigo wa daftari. Nikakumbuka stendi ile Desemba: mabasi ya Dar yanaingia hadi usiku, watu wanashuka na maboksi, watoto wamevaa fulana wanatetemeka kabla hawajafika hata Kiboriloni. Wanaongea kwa lafudhi ya pwani, mtori, supu yetu ya ndizi, unawashinda siku ya kwanza. Ila ukiuliza ukoo, wanautaja.

Basi nao wanarudi. Vuli ikiisha, wote wanakutana pale msitu unapokutana na vihamba, karibu mita 1,800. Pale ni nusu ya njia, kila mmoja analipa. Wa tambarare anatetemeka na masikio yake makubwa ameyakunja mgongoni. Wa juu anahema, manyoya yanamtoka vishungi vishungi na kunasa kwenye masale, mimea ya mipakani. (Nimechora karatasi nzima ya masale yenye manyoya. Ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kwetu isale ni mpaka, na pia ndilo jani la kuombea msamaha. Sikuliweka pale kwa urembo.) Hapo wanaoana, na watoto wanafuata yeyote atakayewachukua. Mtoto akilelewa juu, masikio yake yanaacha kukua mapema. Akilelewa chini yanarefuka. Hili sikulibuni, hata panya wakilelewa kwenye baridi mikia yao huwa mifupi. Kwa hiyo ndugu wa tumbo moja wanaweza kufanana na watu wasiojuana.

Baada ya hapo jina lilikuja lenyewe: kirejea. Wakiwa wengi ni virejea. Nilipenda kwamba linaingia kwenye mlango ule ule wa kiboko, kifaru, kinyonga na kipepeo, majina yanayoanza kama ya kiti na kijiko, lakini lugha inakataa kuwachukulia kama vitu. Husemi kiboko kimelala, unasema amelala. Siku mama alipouliza, "Kirejea amekula?" badala ya "hicho kinyama chenu," nilijua mnyama amezaliwa.

Leo nilipanda nikidhani tumemaliza. Nikamkuta mtoto barazani, ana karatasi ya mnyama wa tano aliyoichora mwenyewe. Kirejea mwembamba, hana manyoya kabisa, ameketi mchangani, mbele yake mistari ya mawimbi. Masikio yake ni makubwa kuliko mwili, yametoka nje ya karatasi pande zote mbili. Hatukuwa tumepanga kirejea wa baharini. Kaka yangu yuko Dar, na hii itakuwa Desemba ya sita hajapanda. Nyumbani hatulizungumzi mbele ya mtoto.

Nikamwuliza taratibu kwa nini masikio yamekuwa makubwa kiasi hicho.

"Huko kuna joto, shangazi," akasema bila kuinua macho. "Halafu anasikia mbali. Perere akilia huku, yeye anasikia."

Alikuwa anatafuta rangi ya mchanga na kwenye boksi haikuwepo. Nimeahidi kumpelekea wiki ijayo. Karatasi yake sikuja nayo, aliibakiza, akaibandika ukutani juu ya kitanda, na masikio yale yaliyokatika kingoni akayaendelezea kwa penseli kwenye ukuta wenyewe. Mama ameona. Hajasema kitu.